Maoni Arobaini na Moja

Wivine Kalumba alifunga maoni arobaini na moja kwa dakika kumi na moja. Hesabu hiyo aliipata baadaye, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imetunza kila kitu, jina lake na saa yenyewe. Siku aliyoyafunga hakuhesabu. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane, faili ya ujenzi wa ukuta wa shule ilitakiwa itumwe kabla ya saa sita mchana, na pembeni mwa ukurasa vibandiko vya njano vya maoni vilikuwa vimejipanga kuanzia juu mpaka chini.

Alikuwa katibu wa mhandisi René Ntambwe, mwenye byuro, ofisi ndogo ya ujenzi katika mtaa wa Manika, vyumba viwili juu ya duka la vioo. Kabla Wivine hajaingia, kazi yote ya byuro ilikuwa ikisafiri kwa makaratasi. Plani, mchoro wa ujenzi, ilichorwa Manika, ikapelekwa kwa mafundi Kapata, mtaa wa migodini, kwa pikipiki ya taxi-moto ndani ya mfuko wa plastiki, ikasahihishwa kwa kalamu nyekundu, ikarudi imelowa. Mara mbili mafundi walijenga kwa kufuata plani ya zamani, ile mpya ikiwa imelala kwenye droo. Wivine, ambaye mambo ya kompyuta alijifunza peke yake kwa kutazama video kwenye simu, ndiye aliyewashawishi wahamishie kila kitu mtandaoni: hati moja ambayo wote wanaandika ndani yake kwa wakati mmoja, kila mtu mahali alipo, ramani ambayo fundi anabandika alama na picha penye tatizo, kalenda moja ya wote. René akiwa safarini Lubumbashi alifungua simu yake akaona ukurasa uleule ambao fundi anauona Kapata. Mwaka mzima haikupotea plani hata moja. René aliwaambia wageni, "Huyu mama njo byuro yenyewe," na Wivine alizoea kusikia kuwa yeye ndiye byuro.

Kanuni za kutumia hati aliziandika mwenyewe akazibandika ukutani. Ya tatu ilisema: mtu akiandika maoni pembeni, usiyafunge mpaka umeyasoma na kufanya lililoombwa. Kufunga kwenyewe kulikuwa rahisi mno. Unabonyeza alama ya vema, maoni yanaondoka ukurasani, na wote wanajua jambo hilo limekwisha.

Taabu yake ilikuwa mzee waliyemwita Tata Mbayo, yaani baba Mbayo.

Tata Mbayo Kisimba alikuwa amepima ardhi kwa ajili ya kampuni ya migodi kwa miaka thelathini na miwili. Sasa alikuwa mstaafu, akikaa na binti yake Jémima katika nyumba ileile aliyopewa na kampuni pale Kapata, safu ya tatu. René alimwomba awe mshauri wa byuro kwa sababu hakuna aliyejua udongo wa Kapata kama yeye. Wivine ndiye aliyemfundisha kuandika maoni, alasiri mbili nzima, mzee akigonga kioo cha simu kwa kidole chake kinene kana kwamba anabisha hodi. Alijifunza. Na alipokwisha kujifunza, hakunyamaza. Kila maoni aliyaandika kama barua: anasalimu, anauliza habari za nyumbani, anaeleza upepo wa jana, halafu ndipo anafika kwenye neno lake, ambalo mara nyingi lilikuwa nukta iliyosahaulika. "Jambo Mama Wivine, natumaini mumelamuka muzuri na batu ba nyumba. Hapa munaandika ukuta mara mbili." Mengine aliyatuma mara mbili, hana hakika kama ya kwanza yalifika.

Alhamisi ile maoni yote arobaini na moja yalikuwa ya kwake. Wivine alisoma manne ya mwanzo: salamu, nukta, salamu, neno lililorudiwa. Akatazama saa. Akaanza kubonyeza alama ya vema, moja baada ya nyingine, bila kusoma, akiongea na René kwa simu aliyoibana kati ya sikio na bega. Pembeni mwa ukurasa pakabaki peupe. Akaituma faili, akashuka kununua chai, na moyoni alikuwa na furaha ya mtu aliyefagia ua.

Ukuta ulijengwa mwezi wa tisa, kabla mvua hazijashika.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, Jumamosi, jua likatoka. Mama Adèle, mjane aliyekuwa akiuza karanga na ndizi karibu na ile shule, alihamisha meza yake akaiweka chini ya ukuta mpya, kwenye kona ya kaskazini, maana pale upepo haukumfikia na wanakwaya waliokuja mazoezini walipita hapohapo. Saa tano asubuhi mita kumi na mbili za ukuta zililala chini. Haukutoa mlio wowote wa kuonya. Ardhi chini yake ilizama, na ukuta ukaifuata. Wanakwaya waliondoa matofali kwa mikono. Adèle alitolewa akiwa hai, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili na nyonga imetoka mahali pake.

Wivine alipata habari akiwa nyumbani, anafua. Simu ililia: alama nyekundu imetokea kwenye ramani ya byuro, fundi ameibandika pamoja na picha. Aliitazama ile picha mikono ikichuruzika povu. Juu ya matofali kulikuwa na ndizi zilizopondeka, na kandambili moja.

Jumatatu René aliita mkutano. Walikuwa wanne: René, fundi mkuu, Wivine, na Tata Mbayo aliyeketi ameweka kofia yake juu ya magoti.

"Fundi amechimba pale leo asubuhi," René alisema. "Chini ya ile kona kuko mutaro ya zamani. Bamejaza takataka, mabati, udongo ya kumwaga tu. Fondasyo ya ukuta ilikuwa inakaa juu ya bule." Akamgeukia mzee. "Tata Mbayo, byuro ilitafuta ninyi juu ya kintu kimoja: munajua udongo ya Kapata. Ule mutaro hamukuujua?"

"Naujua. Mi mwenyewe nilipimaka pale wakati banaijaza."

"Basi juu ya nini hamukusema?"

"Nilisema. Niliandika mu hati. Pale pembeni."

René aliizungusha kompyuta imwelekee. "Hati njo hii. Munionyeshe."

Mzee alivaa miwani, akainama. Pembeni mwa ukurasa palikuwa peupe kabisa. Aliupandisha na kuushusha kwa kile kidole chake, mara moja, mara ya pili.

"Niliandika," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Nazani niliandika." Aliinua uso. "Mama Wivine, ulinifundisha kufinya ile buto ya kutuma. Pengine nilisahau kufinya?"

Kitu fulani kilikuwa kimeanza kumjia Wivine tangu neno "pembeni" lilipotamkwa: vile vibandiko vya njano, vema, vema, vema.

"Sijui, Tata," alisema.

Walipoondoka wote alirudi kwenye kompyuta. Juu ya ukurasa kuna kitufe kidogo kinachofungua maoni yote, ya wazi na yaliyofungwa, na katika byuro nzima aliyekijua ni yeye peke yake. Alikibonyeza. Yakashuka yote arobaini na moja, na kwenye ya ishirini na saba akakoma.

"Jambo Mama Wivine, natumaini batu ba nyumba beko muzuri, uku kwetu baridi inaanza kuisha. Kwa hii kona ya kaskazini, musijenge kama hamujachimba. Chini kuko mutaro ya mayi ya kampuni, balijaza takataka mu 1987, mita tatu na nusu kwenda chini. Fondasyo haitashika. Mi niko tayari kuja kuonyesha. Mbayo."

Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu: Wivine Kalumba amefunga maoni haya, saa tano na dakika arobaini na nane.

Hati ilikuwa yake, ameianzisha yeye, na mwenye hati anaweza kufuta maoni yasionekane tena na mtu yeyote. Aliweka mshale juu ya neno kufuta. Alikaa hivyo mpaka kioo kikajizima chenyewe na akaona uso wake ndani yake. Hakufuta. Lakini na lile jambo jingine, la kuinuka na kwenda mlango wa pili kwa René, hakulifanya pia. Alifunga kompyuta akaenda nyumbani.

Siku zilizofuata alifanya kazi kuliko kawaida. Alipanga faili za miaka mitatu iliyopita ambazo hakuna aliyeziomba. Aliibandua ukutani ile karatasi ya kanuni, na fundi alipouliza akajibu imechakaa. Kanisani alisimama wenzake wakiimba, na akagundua wimbo umekwisha, wameketi, yeye bado amesimama. Kila asubuhi alijiambia, leo. Kila jioni alijiambia mzee hajafukuzwa, hajashitakiwa, amenyamaziwa tu. Alijiambia pia kuwa hata kama angesoma, pengine René asingekubali kuchimba. Maneno hayo yalimtuliza kwa muda wa kutoka byuro mpaka kwenye kituo cha mabasi, hayakuwahi kufika nyumbani.

Siku ya sita Tata Mbayo alimwandikia ujumbe. "Jambo Mama Wivine. Naomba munitoshe mu hati, jina yangu itoke. Macho na bidole bimezeeka, nisije nikaumiza mutu mwingine."

Wivine aliusoma akiwa amesimama ngazini. Kisha akapanda, akafungua orodha ya watu wa hati, akalitafuta jina la Mbayo Kisimba, akaliondoa. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufungua soda. Alipomaliza aliingia chooni, akafungua bomba ili wasimsikie akilia.

Siku ya tisa alikwenda hospitali akiwa na mapapai mawili na kitenge. Aliamua kwenda kusalimu tu, kama wengine wa byuro walivyokwisha kwenda. Adèle alikuwa amelala chali, mguu umefungwa na kuning'inizwa, nywele zimesukwa upya na mtu aliyemhurumia. Walisalimiana. Waliongea juu ya mvua na juu ya mgonjwa wa kitanda cha pili anayekoroma.

"Ule tata muzee wa Kapata alikuja hapa," Adèle alisema ghafla. "Alipiga magoti hapo unakaa. Mutu mukubwa vile! Alilia, akasema alisahau kufinya sijui buto gani, njo mana ukuta ilianguka. Mi sielewi mambo ya bifinyo. Nilimuambia, tata, mulamuke, mutu anasahau." Alivuta shuka. "Lakini nitakuambia kweli, dada. Wakati alitoka, nilimuchukia. Usiku mi siwezi kugeuka, siwezi kwenda choo pekee yangu, na kila mara inauma, ninaona uso yake tu. Kuchukia mutu namna ile inachosha."

Wivine alikuwa ameshika papai moja, hajui pa kuliweka.

"Musimuchukie," alisema.

"Unasema?"

"Hakusahau. Aliandika. Aliandika muzuri kabisa: musijenge hapa, chini kuko mutaro. Njo mi nilifunga maneno yake, yakatoka. Ni mi, Mama Adèle."

Adèle alimgeuzia uso. Yule wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kukoroma.

"Ulisoma, ukafunga?"

"Hapana. Sikusoma."

"Juu ya nini hukusoma?"

Wivine alikuwa na majibu mengi tayari. Faili, saa sita, simu ya René. Akiwa mbele ya ule mguu hakuona hata moja linalofaa. "Nilikuwa nimechoka na salamu yake," alisema. "Anaandika murefu. Anasalimia kwanza. Nilitaka ukurasa ikuwe safi."

"Salamu," Adèle alisema. Aligeuza uso upande wa ukuta, kwa kuwa sehemu nyingine ya mwili haikuweza kugeuka. "Beba mapapai yako. Na ule muzee aambiwe leo. Leo, si kesho. Umeniachia siku hizi zote namuchukia mutu wa bule."

Wivine alishuka kwenye taxi-moto pale Kapata siku hiyohiyo, viatu vimejaa tope. Jémima alimfungulia, akamwonyesha uani, ambako baba yake alikuwa ameketi kwenye stuli akichambua maharage. Alikuwa amekonda. Jémima alimnong'oneza Wivine kuwa mzee ameifungia simu kabatini na hataki hata ilie karibu naye.

Wivine hakuketi. Alitoa simu yake mwenyewe, akafungua maoni yale yaliyofungwa, akampa.

"Nini hii?"

"Musome, Tata."

Mzee alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, tangu mwanzo, pamoja na salamu, pamoja na baridi inayoanza kuisha. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe alinyamaza, kisha akacheka kidogo.

"Kumbe nilifinya," alisema. "Jémima! Mutoto, kuja uone. Nilifinya!"

Halafu akasoma yale maandishi madogo ya kijivu chini yake. Akaiweka simu juu ya maharage.

"Siku René aliniuliza," alisema, "wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa tu kwamba ni mi. Mulipotoka nikatafuta. Nikajua."

"Siku ileile."

"Siku ileile, Tata."

"Na nilipokuandikia unitoshe, ukanitosha."

Wivine alitikisa kichwa kukubali. Hakulia, aliona kulia pale kungekuwa kuomba kitu ambacho hana haki ya kuomba.

"Nilienda kupiga magoti mbele ya ule mama," Tata Mbayo alisema. "Nilimuomba Mungu anikamate, nisikae tena katikati ya batu nikibaharibia. Miaka makumi tatu na mbili nilipima, sikuua mutu, na nikaanza kuzani uzee imeniozesha akili." Aliokota haragwe moja lililooza akalitupa. "Rudisha ile maneno mahali pake, batu bote basome. Fanya hapa, nikikuona. Kisha wende. Mi sina neno lingine leo."

Akafanya hapo, amesimama, Jémima akimtazama kwa macho makavu. Alimrudisha kwanza Mbayo Kisimba kwenye orodha. Kisha akayafungua tena yale maoni ya ishirini na saba, na chini yake akaandika: "Tata Mbayo alituonya kwa maoni haya mwezi wa nane. Mimi Wivine Kalumba niliyafunga bila kuyasoma. Katika mkutano nilisema sijui. Jioni ileile nilijua, nikanyamaza siku tisa. Mama Adèle na wazazi wa shule wanatakiwa kujua hivyo." Akatuma. Ujumbe ukawafikia wote waliokuwa ndani ya hati ile: René, fundi, na wazazi watatu wa kamati ya shule.

René alipiga simu kabla Wivine hajafika barabarani.

"Wivine, umefanya nini? Kamati ya wazazi iko mule ndani!"

"Najua."

"Tungeongea kwanza, mi na wewe. Bintu kama hii tunapanga."

"Tungepanga," Wivine alisema, "na ningenyamaza tena."

René alikata simu. Wivine alisimama kando ya njia, malori ya madini yakipita na kumrushia tope, na akangoja kujisikia mwepesi. Alikuwa amesikia watu wakisema mtu akikiri anapata amani. Yeye aliona mbele yake magoti ya mzee juu ya sakafu ya hospitali, na hilo halikuondoka.

Kamati iliita mkutano wiki hiyohiyo. Kulikuwa na makelele. Mzazi mmoja alimuuliza René kama yeye, mhandisi, alitia sahihi bila kuomba udongo upimwe, na René, baada ya kuzunguka sana, alikubali kuwa alitia. Byuro ilitakiwa ijenge upya. Kamati ilimtaka Tata Mbayo awe msimamizi wa ujenzi huo, na mzee alikubali kwa masharti mawili: kuchimba shimo la majaribio kila baada ya mita tano, na katika hati mtu wa kufunga maoni awe yule aliyeyaandika, si mwingine. Wivine ndiye aliyeandika kanuni hiyo mpya, ameketi mwisho wa meza, mzee akimsomea neno kwa neno bila kumtaja jina.

Hakufukuzwa. René alimwondoa kwenye faili za ujenzi akamweka kupokea simu na wageni, na kazi yake ya zamani akapewa kijana wa Likasi aitwaye Ariel. Ariel alimuuliza maswali mengi wiki za mwanzo, na Wivine alimjibu yote kwa uvumilivu. Wengine walipotoka kwenda kula walimwita, walikuwa watu wema. Lakini waliongea taratibu alipoketi.

Adèle alitoka hospitali mwezi wa pili. Anatembea kwa magongo, na madaktari hawakuahidi kuwa atayaacha. Jumamosi ya kwanza aliporudi kuuza, si pale shuleni tena, mbele ya nyumba yake, Wivine alikwenda. Hakujua atasema nini. Alikuta beseni la karanga limewekwa mlangoni, zito, na Adèle amesimama juu ya magongo yake akitafuta namna ya kulifikisha mezani.

"Dada yangu alisema atakuja, hajakuja," Adèle alisema bila kumsalimu. Kisha akamtazama vizuri. "Mi sijakusamehe bado. Nikikuambia nimekusamehe, nitakuwa nadanganya."

"Nimesikia, mama."

"Basi kamata ile beseni. Uweke upande wa kivuli, jua inaharibu karanga."

Wivine alivua viatu pale mlangoni, akainama, akalibeba.